Karanga za Nachingwea na Elimu ya Mbegu

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Lakini elimu haikupotea. A. H. Bunting, aliyeongoza utafiti wake, alizigawa karanga mwaka 1955 kwa kufuata mpangilio wa matawi. Aina zisizochanua katika shina kuu huchelewa kukomaa, na mbegu zake hulala kwanza. Zichanuazo shinani hukomaa mapema, ila mvua ikizidi huweza kuota zingali ardhini. Mkulima hupata au hukosa kwa tofauti hiyo. Kituo cha Naliendele, Mtwara, baadaye kilitoa aina iitwayo Nachingwea 2009.