Michelangelo: maisha na mazoea yake

Michelangelo Buonarroti (6 Machi 1475 – 18 Februari 1564) alikuwa mchongaji, mchoraji, msanifu majengo na mshairi wa Italia. Alizaliwa Caprese, karibu na Arezzo, baba yake Lodovico akiwa huko kwa kazi ya utawala wa Firenze, kisha akanyonyeshwa Settignano na mke wa mchonga mawe. Uzeeni alikuwa akisema kwamba nyundo na tindo alivipata kwenye maziwa hayo. Mwaka 1488 aliwekwa kujifunza kazi kwa mchoraji Domenico Ghirlandaio, na punde akachukuliwa nyumbani kwa Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze. Katika miaka hiyo mwanafunzi mwenzake, Pietro Torrigiano, alimpiga ngumi ya pua, ikabaki bapa maisha yake yote.

Jina alilipata Roma kwa sanamu ya Pietà, yaani Maria akimpakata Yesu aliyekufa, ambayo ndiyo pekee aliyoitia saini, na Firenze kwa Daudi (1501–1504), yenye urefu wa mita 5.17, iliyotokana na bonge la marumaru ambalo wengine walikwisha kulianza wakaliacha. Dari ya kanisa la Sistine mjini Vatikani aliipaka kati ya 1508 na 1512. Wengi huamini kwamba aliifanya kazi hiyo akiwa amelala chali. Sivyo: alisimama juu ya jukwaa, kichwa kimeinama nyuma, rangi ikimdondokea usoni, na alijichora hivyo mwenyewe kando ya shairi alilomwandikia rafiki.

Mwanafunzi wake Ascanio Condivi, aliyechapisha habari za maisha yake mwaka 1553 bwana mwenyewe akiwa hai, anasema alikula ili mradi tumbo lisiwe tupu, mara nyingi kipande cha mkate huku kazi ikiendelea. Alilala kidogo, tena na nguo zake na buti; buti hizo zilikaa miguuni muda mrefu hata zilipovuliwa zilibandua ngozi. Usiku alichonga akiwa amevaa kofia ya karatasi nzito yenye mshumaa utosini, ili mikono yote miwili ibaki huru. Giorgio Vasari, rafiki yake, alipoona anatumia mishumaa ya mafuta ya mbuzi, alimtumia mafungu manne. Mzee alikataa kuipokea. Mtumishi aliyeibeba akamjibu kwamba mikono inamuuma, harudi nayo. Ataisimamisha yote kwenye tope mbele ya mlango na kuiwasha. Hapo ikapokewa.

Hata chakula chake tunakijua. Nyuma ya barua ya Machi 1518, iliyohifadhiwa Casa Buonarroti mjini Firenze, aliorodhesha mikate, mvinyo, samaki wa heringi, spinachi na supu ya shamari, na kando ya maneno akachora kila kitu kwa kalamu. Yaelekea mtumishi aliyekuwa akitumwa hakujua kusoma. Mistari ya bakuli na samaki ni michache, ya haraka, na haina kosa.

Maisha hayo hayakutokana na ufukara. Alipokufa, nyumbani kwake Roma kulikutwa zaidi ya dukati 8,000, sarafu za dhahabu. Wapo waliomwita bahili, na kumwita hivyo ni kumwonea: aliwanunulia ndugu zake mashamba na nyumba, na ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro aliusimamia tangu miaka ya 1540 bila kudai mshahara. Mtumishi wake Francesco Amadori, aliyejulikana kwa jina la Urbino, alipougua, Michelangelo, akiwa na miaka 80, alimuuguza mwenyewe na kukesha kando ya kitanda chake. Urbino alipofariki, baada ya miaka kama 25 ya kuishi pamoja, barua za mzee zilijaa majonzi.

Tindo hakuliweka chini. Siku chache kabla ya kifo alikuwa bado anachonga Pietà ya Rondanini, ambayo sasa iko Milano, na katikati ya Februari 1564 mwanafunzi mmoja alimkuta nje kwenye mvua, akitembea kwa miguu kwa kuwa mwili ulikataa kutulia. Alifariki akikaribia miaka 89. Watu wa Roma walitaka kumzika kwao, lakini mpwa wake Lionardo aliusafirisha mwili kwa siri kama shehena ya biashara, ukazikwa katika kanisa la Santa Croce, Firenze.