Slaidi za bastola za easofti: kwa nini Mjapani alibaki na plastiki

Wasomaji wangu, leo naweka kodi na hifadhidata kando kidogo. Kuna swali linalozuka kila wapenzi wa bastola za kuchezea wanapokutana: kwa nini bastola ya Tokyo Marui kutoka Japani ina slaidi ya plastiki, ilhali ile ya WE kutoka Taiwan ni ya metali? Wengi hudhani Mjapani anabania pesa. La hasha. Jibu limo kwenye sheria kwanza, kisha kwenye gesi.

Kwa wageni: easofti ni mchezo ulioanzia Japani miaka ya 1970, wa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Slaidi ni lile kasha la juu la bastola ambalo hurudi nyuma na kusonga mbele kila unapofyatua.

Raia wa kawaida wa Japani haruhusiwi kumiliki bastola halisi, kwa hiyo bastola za mfano, za metali, zilikuwa na soko zuri. Mwaka 1971 sheria ikabadilishwa: bastola ya mfano ikiwa ya metali, sharti mtutu wake uzibwe na ipakwe rangi nyeupe au ya manjano. Mwaka 1977 masharti yakakazwa tena ili watu wasizigeuze zikafyatua risasi za kweli. Sasa jiweke mahali pa mwenye kiwanda. Nani atanunua bastola ya manjano? Lakini sheria ilitaja metali, si plastiki! Wakahamia ABS, plastiki ile ile ya matofali ya Lego, nayo ikaruhusiwa kubaki nyeusi. Sisi waundaji programu tunaujua mchezo huo: mteja akifunga mlango, unasoma masharti upya ukitafuta dirisha.

Basi, bastola za gesi zilipokuja, plastiki hiyo ikaonekana kuwa na faida ambayo haikutafutwa. Gesi ndiyo inayosukuma slaidi nyuma, na slaidi nzito hula gesi nyingi na hurudi polepole. Sentimita moja ya ujazo ya ABS ina uzito wa karibu gramu 1.05, aluminiamu 2.7; aloi ya zinki karibu 6.6, feleji 7.85. Wajapani hutumia gesi ya HFC134a, ambayo kwenye nyuzi 20 ina kani ya karibu baa 5.7. Kwa gesi pole hivyo, slaidi nyepesi hukimbia vizuri hata siku ya baridi. Wanaotaka uzito mkononi huuziwa ABS iliyochanganywa na unga wa metali, ujanja mwingine wa kukwepa neno lile lile.

Taiwan mambo yalikuwa tofauti. Huko walizoea "gesi ya kijani", ambayo kwa kweli ni propani iliyotiwa mafuta ya silikoni: karibu baa 8.4 kwenye nyuzi 20, na joto likifika 30 inapita 10. Slaidi ya ABS ikipigwa hivyo siku baada ya siku hupasuka, hasa mbele au penye tundu la kutolea maganda. Kwa hiyo metali. Zinki ni rahisi kumimina kwenye kalibu lakini ni nzito mno. Kwa maoni yangu aluminiamu, hasa ile inayochongwa na mashine za kompyuta, ndiyo iliyopata usawa. Na hapa kuna kichekesho: Glock halisi ya mwaka 1982 ina fremu ya plastiki na slaidi ya feleji. Nakala ya Japani, iliyo plastiki juu na chini, ndiyo iliyo mbali zaidi na ile halisi.

Lakini kwa macho hutajua. Marekani ilidai ncha ya rangi ya chungwa kwa sheria ya mwaka 1988. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa na bastola ya easofti iliyokosa ncha hiyo. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari kusimama. Akafariki kesho yake. Uingereza, tangu Oktoba 2007, asiye mchezaji wa easofti huuziwa bastola ya rangi kali, na mara nyingi ni slaidi yenyewe inayopakwa buluu au kijani.