Zamu ya Daktari

Con Kolivas alikuwa daktari wa nusukaputi huko Melbourne, Australia. Kazini aliwalaza wagonjwa ili wapasuliwe. Muda uliobaki aliandika msimbo wa Linux, bila mwajiri wala malipo, na lugha ya C alijifunza kwa kuuchokonoa msimbo huohuo. Kilichomkera ni kitu anachokijua kila mwenye kompyuta dhaifu: unasikiliza muziki, unafungua dirisha jingine, muziki unakwamakwama na kishale cha panya kinaganda.

Msimamizi wangu wa uzamili aliniuliza kama mwaka 2007 umeshakuwa historia. Nikamjibu kwamba mwaka huo nilikuwa shule ya msingi. Tena nyaraka zake ni tamu kuliko mafaili mengi ya kikoloni niliyowahi kufungua: watengenezaji wa Linux walibishana kwa barua pepe, hadharani, na karibu kila neno limehifadhiwa pamoja na saa lilipotumwa.

Walichobishania ni mgawa zamu. Ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, kuna kipande cha msimbo kinachoamua programu ipi itumie prosesa sasa na ipi isubiri. Programu zako zinapokezana kwa vipande vya muda vidogo mno hata unadhani zinakwenda pamoja. Fikiria bomba moja la maji mtaani na ndoo mia. Lazima awepo mtu wa kusema nani anafuata, na hawezi kuwapendeza wote. Mwenye pipa anataka asikatishwe akishaanza kuchota. Mwenye kikombe anataka kunywa sasa hivi. Seva ya benki ni mwenye pipa. Muziki wako ni mwenye kikombe.

Mgawa zamu wa Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, aliandikwa na Ingo Molnar, Mhungaria aliyeajiriwa na Red Hat. Alikuwa na kasi ya ajabu, lakini ili kumtambua mwenye kikombe alibahatisha. Programu iliyolala muda mrefu ikisubiri kubofywa ilihesabiwa kuwa ina mtu mbele yake, ikapendelewa. Pale bahati ilipokosea, kiliongezwa kighairi, na juu yake kighairi kingine. (Ndiyo, daktari wa nusukaputi alikuwa anapambana na mfumo unaopima usingizi. Mimi sikutunga.)

Kolivas alijaribu njia mbili. Mwaka 2004 alipendekeza wagawa zamu wawe wa kuchomeka: keneli iache tundu, kila mtu achomeke amtakaye. Wakubwa wa keneli, Molnar na Linus Torvalds wakiwemo, hawakutaka. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiacha tundu, kila mmoja atajitengenezea wa kukidhi haja zake na kwenda zake, na hatapatikana mtu wa kuhangaika na mmoja anayewafaa wote. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ukishawahi kuona mtaa ambao kila nyumba imechimba kisima chake, unajua bomba la wote huishia wapi.

Njia ya pili ilikuwa kumwondoa mgawa zamu wa zamani na kumweka wake. Machi 2007 alitoa kiraka kilichoitwa RSDL, baadaye SD. Wazo lake: acheni kubahatisha, gaweni kwa haki. Kila programu inapewa mgao. Ikiumaliza inashuka ngazi moja, na ngazi zikiisha inasubiri awamu mpya. Watumiaji wa kompyuta za mezani walishangilia, na hata Torvalds alionekana kuelekea kumkubali. Wengine waliripoti kwamba kwao mambo yamekuwa mazito zaidi, na Kolivas akabishana nao. Kipindi hichohicho shingo ilikuwa inamsumbua vibaya. Kukaa mbele ya kompyuta kwenyewe kulikuwa maumivu.

Tarehe 13 Aprili 2007 Molnar akatoa wa kwake, CFS. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwandika kwa saa 62. Kanuni yake inaelezeka palepale bombani: aliyechota kidogo kuliko wote mpaka sasa ndiye anayefuata. Basi. Katika tangazo lake alimshukuru Kolivas kwa kuthibitisha kwamba ugawaji wa haki unawezekana.

Jiweke mahali pa Kolivas uisome shukrani hiyo. Miaka umekuwa ukisema foleni igawiwe kwa haki. Leo mwenye foleni ya zamani anakubali kwamba ulisema kweli, anakushukuru mbele ya watu, kisha anaweka foleni mpya aliyoiandika mwenyewe kwa siku tatu.

Julai Torvalds alimwingiza CFS, na mwezi huohuo Kolivas akatangaza kuachana na keneli. Katika mahojiano alilalamika kwamba Linux inaendeshwa kwa mahitaji ya seva za makampuni makubwa, na mtu wa kawaida na kompyuta yake ya nyumbani hana wa kumsemea. Linux 2.6.23, yenye CFS ndani, ilitoka 9 Oktoba. Torvalds alieleza kwamba hakuchagua msimbo peke yake, alichagua mtunzaji: mtu ambaye akiletewa malalamiko atayashughulikia badala ya kubishana na mlalamikaji.

Nimezisoma barua hizo mara kadhaa na naona Torvalds alikuwa sahihi. Msimbo ukishaingia kwenye keneli, lazima awepo wa kuuamkia kesho na mwaka kesho. Ila anayeweza kuamka kila siku kwa kazi hiyo ni yule anayelipwa mshahara kuifanya. Daktari mwenye zamu za hospitali na shingo mbovu ataambiwa mlango uko wazi, na kweli uko wazi, lakini hawezi kukaa mlangoni mchana kutwa. Neno "huria" halisemi lolote kuhusu hilo. Nina marafiki wenye kazi za mchana ambao usiku hutuma viraka kwenye miradi mikubwa, na nikisoma barua za Kolivas huwa nawaona wao.

Tarehe 31 Agosti 2009 alirudi na mgawa zamu mwingine, BFS, ambaye jina lake kamili lina tusi la Kiingereza. Safari hii alisema wazi kwamba haombi kuingizwa popote, anayemtaka amchukue. Mwaka 2016 akatoa mrithi wake, MuQSS, na mwaka 2021 akaweka kalamu chini. CFS alidumu mpaka Linux 6.6 ya Oktoba 2023. Kama simu yako ni ya Android, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi ya zile saa 62 imo mfukoni mwako.

Novemba 2024 ilitoka Linux 6.12. Ndani yake kuna sched_ext, tundu la kuchomekea wagawa zamu. Mtunzaji wa sehemu hiyo alipinga, na hoja zilifanana mno na zile za 2004. Torvalds aliamua liingie. Waliobisha hodi safari hii walikuwa wahandisi wa Meta, na wa Google nyuma yao.