Margaret Murray Washington: Mwalimu wa Akina Mama wa Jumamosi

Leo tunakupeleka mbali, kusini mwa Marekani, kwa mwanamke aliyeitwa Margaret James Murray. Wengi wakimtaja husema tu kwamba alikuwa mke wa mkuu wa chuo. Sikiliza hadi mwisho, kisha utaamua mwenyewe kama maneno hayo yanamtosha.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Alizaliwa tarehe 9 Machi katika mji mdogo wa Macon, jimbo la Mississippi. Mwaka gani? Jiwe la kaburi lake linasema 1865, lakini sensa ya mwaka 1870 inaonyesha 1861. Wewe ambaye kadi yako imeandikwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hukuwa na cheti mkononi, jambo hili unalielewa bila kufafanuliwa. Mama yake alifua nguo za watu ili apate riziki. Baba yake, mhamiaji kutoka Ireland, alifariki Margaret akiwa na miaka saba tu.

Kumbuka, msikilizaji, hizo zilikuwa nyakati gani. Utumwa ulipigwa marufuku Marekani nzima mwaka 1865. Kabla ya hapo, katika majimbo kadhaa ya kusini lilikuwa kosa la jinai kumfundisha mtumwa kusoma. Vita vilipokwisha, bibi na mjukuu walianza herufi ya kwanza siku moja, kwenye benchi moja. Walimu hawakutosha kabisa.

Baba alipofariki, Margaret alikwenda kuishi na kaka na dada wa ukoo wa Sanders, waumini wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakwekari. Hao ndio waliomfundisha. Alipofika miaka 14 alipewa darasa awe mwalimu. Hebu fikiria: mtoto wa miaka 14, mbele yake wanafunzi, na wengine wao wamemzidi umri! Walimu wetu wa hapa kambini, mnaofundisha mkiwa na cheti cha sekondari na posho ndogo, mwenzenu huyo.

Lakini hakuridhika. Mwaka 1881 alijiunga na Fisk, chuo cha watu weusi katika mji wa Nashville, Tennessee. Ada hakuwa nayo, kwa hiyo alisoma nusu na kufanya kazi nusu. Masomo yake yalichukua miaka minane, na akahitimu mwaka 1889.

Katika sherehe za mahafali hayo alikutana na Booker T. Washington. Huyu alizaliwa mtumwa, na mwaka 1881 alianzisha shule ya Tuskegee, Alabama, akiwa na wanafunzi wapatao 30. Margaret alikwenda huko kufundisha Kiingereza, na mwaka uliofuata akapewa jukumu la kuwasimamia wasichana wote wa shule. Booker alikuwa mjane mara mbili, mwenye watoto watatu wadogo. Baadaye wakaoana. Margaret akawa mama wa watoto ambao hakuwazaa, na kazi yake ya shule hakuiacha.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nimchague. Mwaka 1892 Tuskegee iliitisha mkutano mkubwa wa wakulima weusi wa vijijini. Margaret alihudhuria, akaona wanaume wakizungumza kuhusu ardhi, madeni na shule, huku wanawake hawana sauti. Hakuandika barua ya malalamiko. Alijiuliza: wanawake hawa wanapatikana wapi na lini? Jibu lilikuwa Jumamosi, siku ya soko, wanapokuja mjini kutoka mashambani. Akatafuta chumba cha ghorofani katikati ya mji, akawaita.

Mwanzoni walikuja wachache. Baadaye wakawa mamia, na wengine walitembea umbali mrefu. Walizungumza juu ya usafi, mapishi, ushonaji, malezi ya mabinti na namna ya kuweka akiba kidogo. Mama hakuambiwa amwache mtoto nyumbani kwanza. Alikuja naye, na watoto nao wakapangiwa shughuli yao.

Mwaka 1895 yeye na wanawake wenzake wa shuleni waliunda Klabu ya Wanawake ya Tuskegee. Walitembelea wafungwa jela, na wakaanzisha shule katika shamba moja kubwa la pamba, kama kilomita 13 kutoka Tuskegee, ambako familia nzima ililala katika chumba kimoja na pamba ilipandwa hadi karibu na mlango.

Hapa tuseme ukweli. Si wote walioikubali njia ya Tuskegee. W. E. B. Du Bois, aliyesoma Fisk wakati mmoja na Margaret, na ambaye alikuja kufariki Accra, Ghana, mwaka 1963, alimkosoa Booker waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1903. Alisema kumfundisha mtu mweusi kazi za mikono huku ukinyamazia haki zake za kupiga kura na elimu ya juu ni kumbakiza chini. Hoja hiyo ina uzito. Sabuni haiwezi kufuta deni analodaiwa mkulima na mwenye shamba.

Na sisi hapa tunabishana hivyo hivyo. Mmoja anasema: tupeni cherehani na kozi ya sabuni, watoto wale leo. Mwingine anasema: tupeni sekondari na chuo, la sivyo tutashona hapa hapa hadi uzeeni.

Ukimtazama Margaret mwenyewe, hakuchagua upande mmoja. Alifundisha kushona, lakini pia aliwaunganisha wanawake nchi nzima. Mwaka 1896 vyama vya wanawake weusi viliungana kuwa chama kimoja cha taifa, na kuanzia 1912 hadi 1916 yeye alikuwa rais wake. Wanawake hao walipinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi yenye hasira, na walipinga kubaguliwa kwenye treni. Booker alifariki mwaka 1915. Margaret aliendelea kwa karibu miaka kumi bila yeye. Mwaka 1922 alianzisha baraza la kimataifa la wanawake wasio weupe, lililotaka historia ya watu weusi ifundishwe shuleni na kujifunza hali ya wanawake wa Afrika, Haiti na kwingineko. Binti wa mfua nguo alianza na chumba kimoja cha Jumamosi, akaishia kuulizia habari za mama wa ng'ambo ya bahari.

Alifariki tarehe 4 Juni 1925, akazikwa hapo hapo Tuskegee.

Msikilizaji, katika kikundi chenu cha kusikiliza, jadilini maswali haya matatu. La kwanza: katika bloku yenu, akina mama wote hukutana wapi bila kuitwa, na je, hapo kunaweza kuwa darasa? La pili: mama mwenye mtoto mgongoni anazuiwa na nini asiingie darasani, na nani anaweza kukiondoa kizuizi hicho wiki hii? La tatu: cherehani na kitabu, je, ni lazima tuchague kimoja? Andikeni majibu yenu mtumbukize katika sanduku la kipindi, na juma lijalo tutayasoma hewani.