Mchezo Hupimwa, Mchezaji Hapimwi

Wabunifu wa michezo ya mezani wanaozungumza Kiingereza wana neno playtesting, na wanalitumia kutwa kucha. Ni kazi ya kuwapa watu mchezo ambao haujaiva, wakaucheza hadi mwisho, huku aliyeubuni akiangalia unakwama wapi. Ukiugawa mwaka wa mbunifu mafungu, fungu la kuwaza ni dogo, la kuchora na kukata kadibodi ni dogo zaidi, na lililobaki lote ni hilo. Kwa Kiswahili, lugha ya bao, karata, dhumna na drafti, kazi hiyo bado haina jina lililozoeleka.

Sababu yake naiona. Bao halina mbunifu anayejulikana. Mashimo 32, kete 64, hatua ya namua kisha ya mtaji, nyumba inayoanza na kete sita: yote hayo yalinyooshwa barazani na vizazi vya wachezaji, bila mtu kukaa pembeni na daftari. Neno linahitajika pale ambapo mtu mmoja ameketi Matinyani, kaunti ya Kitui, na kadibodi ya katoni ya mafuta ya kupikia, naye anataka mchezo wake uive ndani ya mwaka. Mtu huyo ni mimi.

Neno la kwanza kumjia yeyote ni majaribio. Lina kasoro. Mchezaji wa kandanda akienda kufanya majaribio katika klabu, anayepimwa ni yeye. Mwanafunzi akifanya mtihani wa majaribio, ni yeye tena. Mezani kwangu, mzee akiambiwa kwamba tunafanya majaribio huketi wima kama aliyeitwa kwa chifu, hucheza kwa hofu ya kukosea, na akikosea huomba radhi. Sitajua kamwe kwamba kanuni ya nne haieleweki ikiwa kila asiyeielewa anajilaumu. Isitoshe, huku kwetu kwenye makanisa kila kona, majaribio yana harufu ya majaribu.

Magazeti ya michezo yana mechi ya kujipima nguvu. Limekaribia, kwa kuwa limebeba kitenzi pima, ila ile “ji” inarudisha kipimo kwa timu. Kuna pia chezesha. Mwamuzi ndiye anayechezesha mechi, na hapo ndipo neno linapomponza mbunifu: likimkaa kichwani atajikuta anapuliza filimbi, anakata mashauri, anasema, “Hapana, hapo nilimaanisha hivi.” Kazi yake kwenye meza ile ni kunyamaza.

Mimi natumia upimaji mchezo, kwa muundo ule ule wa upimaji ardhi. Kitendo ni kupima mchezo, wanaocheza ni wapimaji, na kile kikadibodi chenye mistari ya kalamu na vizibo vya soda ni sampuli. Pima ni neno la sokoni. Pale Kabati ndengu hupimwa kwa gorogoro, na sijaona mnunuzi aliyedhani kwamba anayepimwa ni yeye.

Mchezo ninaoupima mwaka huu unaitwa Mchanga. Kila mchezaji ana kipande cha mto wa msimu, yaani mto ambao una maji juu yake siku chache tu za mvua. Anaweza kujenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yanabaki katikati ya chembe, mbali na jua. Kitui imejaa mabwawa hayo. Shirika la SASOL limekuwa likiyajenga na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Lakini mchanga huo huo ndio unaotafutwa na malori ya ujenzi. Makueni, jirani zetu, walifikia kuutungia sheria ya kaunti mwaka 2015. Basi kila zamu mchezaji anaamua: amuuzie mwenye lori apate pesa leo, au auache umtunzie maji ya kiangazi. Mchanga ni mbegu za maharagwe, maji ni vizibo vya buluu.

Alasiri moja waliucheza akina mama wawili wa chama, kijana wa bodaboda na mwalimu mstaafu. Kijana aliuza mchanga wake wote mapema. Kiangazi kilipofika akanunua maji kwa wenzake kwa pesa zile zile, chenji ikabaki, akashinda kwa mbali. Mama mmoja akasukuma maharagwe yake katikati ya ubao. “Mwanangu,” akasema, “huu mchezo wako unamlipa mwizi.”

Niliyaandika maneno yake yalivyo. Kasoro ilikuwa kwenye bei: maji yaligharimu kiasi kimoja kiangazi chote, awe nayo mmoja au wawe nayo wote. Nikafanya bei ipande kadiri vizibo vinavyopungua, na kipande cha mto kisicho na mchanga kisishike chochote mafuriko yakipita. Meza iliyofuata hakuna aliyeuza hata punje. Wote wanne walilinda mito yao, wakawa na maji tele, mchezo ukalala. Mwalimu alitazama saa mara kadhaa, na hilo pia huandikwa. Dawa ilikuwa kadi ya karo. Inatokea Januari, inadai pesa taslimu, haipokei maji. Hapo watu wakaanza tena kupiga hesabu ya mbegu ngapi ziende na ngapi zibaki, na mama yule yule akauza mbili huku akilalamika kwa sauti, jambo ambalo kwa mbunifu ni mapokezi mema kabisa.

Mpimaji anaposema mchezo ni mzuri, hajakusaidia. Adabu zetu zinamlazimu kusema hivyo, hasa ukiwa umempikia chai. Tazama mikono badala yake. Mkono uliosita juu ya ubao unakuonyesha palipo na uamuzi wa kweli. Mkono uliotoa simu unakuonyesha pa kukata. Swali lililoulizwa na watu wawili kwa zamu tofauti ni kanuni iliyoandikwa vibaya. Na ukiona anayeanza ndiye anayeshinda meza baada ya meza, usitafute bahati. Ubao wako umeinama upande wake.

Nani hupima usipopima wewe? Wachezaji, na si lazima wafuate nia yako. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza ya The Landlord's Game mwaka 1904. Alitaka kuonyesha jinsi wanaohodhi ardhi wanavyowafukarisha wapangaji. Kwa takriban miaka thelathini watu waliucheza kwenye mbao walizojichorea, wakibadili kanuni walivyopenda, hadi mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza mchezo uliotokana na huo kwa jina la Monopoly. Humo anayewafilisi wenzake wote ndiye anayeshangiliwa. Kila nikisikia neno “mwizi” mezani namkumbuka Magie.

Mwaka wa kazi hii hapa Matinyani haufuati kalenda ya ukutani. Mvua tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hutuhadaa. Kwa hiyo Oktoba ni kupanda, Novemba ni palizi, na mtu anayewaita majirani wakae mezani wakati huo anatafuta lawama. Hiyo ndiyo miezi ya kuandika upya kijitabu cha kanuni. Januari na Februari ndengu na kunde zinavunwa. Baada ya hapo wapimaji wapo. Likizo ya Agosti huleta wanafunzi, wapimaji wasio na huruma, na nawapendea hilo. Septemba kiangazi kinapokolea, safari ya kuchota maji humeza alasiri nzima, na mchezo kuhusu kiu hauna mvuto kwa mwenye kiu. Desemba jamaa wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa kwa Krismasi. Hao nawangojea kwa hamu kuliko wote, kwa sababu wanaporudi mjini naweza kuwapa sampuli waende nayo.

Hatua hiyo ya mwisho ina jina lake kwa Kiingereza, na ukilitafsiri neno kwa neno utapata upimaji kipofu. Silitaki. Hakuna aliyefumba macho pale, na wasioona hawana kosa nasi. Kinachokosekana mezani ni mwenye mchezo, basi tuuite upimaji bila mwenyewe. Kundi linapewa sampuli na kijitabu, mbunifu haruhusiwi kupiga simu, na maswali yao yanaandikwa pembeni mwa ukurasa ulioyazusha.

Umuhimu wake unaonekana kwenye kadi, mchezo ambao kila aliyepita shule ya Kenya anaujua. Sote tunasema “niko kadi” tukikaribia kumaliza, na sote tunakubali kwamba malkia na nane ni maswali. Zaidi ya hapo kila bweni lina sheria zake, na watu wa mabweni mawili wakikutana hupoteza nusu saa kukubaliana kabla ya kugawa karata. Kadi haifi kwa ugomvi huo kwa kuwa daima yupo mezani mtu anayejifanya mwenyewe. Mchezo wa kwenye boksi hauna mtu huyo. Katika Mchanga niliandika kwamba mafuriko “humpita jirani.” Kundi moja likaelewa jirani ni aliyeketi kando yako, lingine likaelewa ni mwenye kipande cha mto kinachofuata. Ilikuwa michezo miwili tofauti, na yote miwili ilichezwa kwa kufuata kijitabu changu. Sasa pameandikwa “mwenye kipande cha chini yako,” na mshale umechorwa.

Ombi langu ni kwa wenzangu wanaochapisha michezo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na kwa walimu wanaotengeneza yao darasani. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha kanuni wekeni kichwa “Wapimaji,” na chini yake majina ya walioketi mezani, kwa ruhusa yao. Mwenye neno bora kuliko hilo alilete tulitumie.