Ramani ya Jiji na Alama ya X

Historia ya Dar es Salaam inasomeka katika ramani zake. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati. Baada ya uhuru ikaja mipango kabambe ya 1968 na 1979, lakini wananchi walijenga upesi kuliko wapimaji walivyochora.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa Tandale kuchora vichochoro, visima na mifereji ya mtaa huo. Desemba mwaka huohuo mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliotumia picha za angani na maelezo ya wenyeji kuonyesha maji hupita wapi.

Mwishoni mwa 2015, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Hatari ya bonde lile ilikuwa ya kweli, wala siitetei. Hata hivyo, setilaiti huona paa la bati. Haijui nani analala chini yake, wala akihamishwa ataweza kulipa kodi wapi.

Kwa hiyo nadai jambo moja: kabla ya uamuzi wowote, ramani ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, wakazi waisome, waisahihishe na wajibiwe kwa maandishi. Bila hivyo, teknolojia mpya itaendeleza desturi ya kikoloni ya kuwapanga watu bila kuwauliza.