Baba, mwana na boti kuukuu

Wiki hii tuipumzishe siasa, wadau. Nataka tuongelee boti. Sizungumzii zile za kwenda Unguja, nazungumzia boti za kutafuta rekodi ya mwendo kasi duniani. Na hasa jambo moja ambalo fundi yeyote wa gereji atalielewa hata kama hajawahi kulowa maji ya chumvi: chombo chako ni cha zamani, mwenzako katoka na kipya kinachokupita, na mfukoni huna hela ya kutengeneza kingine. Unafanyaje? Unakichonga upya hicho hicho.

Hivyo ndivyo walivyofanya Waingereza wawili, Sir Malcolm Campbell na mwanawe Donald. Walifanya mara kadhaa, kwa miaka karibu 20, na mwisho wake ulikuwa mbaya.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo boti inayotaka kukimbia kweli haiwezi kuogelea kama bata. Inabidi itoke majini na kuteleza juu yake. Kumbuka ulivyokuwa mtoto ukirusha kijiwe bapa kwenye bwawa, kinagusa, kinaruka, kinagusa tena. Kazi yote ya msanifu wa boti hizi ni kupunguza mguso huo bila kupoteza kabisa ule unaoishikilia boti. Ukiupunguza kidogo mno, maji yanakukwamisha. Ukizidisha, umeshakuwa rubani wa ndege isiyo na mabawa.

Mzee Malcolm, aliyekuwa ameshajipatia umaarufu kwa magari yake ya Blue Bird, aliingia majini mwaka 1937 na boti iliyosajiliwa K3. Tumboni ilikuwa na ngazi moja, hivyo ikishika kasi iliteleza kwa sehemu mbili tu: kwenye ile ngazi na nyuma kwenye tezi. Septemba 1938, katika ziwa Hallwil kule Uswisi, iligonga kilomita 210 kwa saa. Hapo Malcolm na watu wake wakaona umbo lile limefika mwisho wake.

Badala ya kuikarabati, walijenga nyingine, K4, wakifuata wazo lililokuwa limeanza Marekani: vielea viwili mbele, kimoja kila ubavu, na sehemu ya tatu ya kugusa maji nyuma. Ukiitazama boti ya namna hiyo kutoka juu, mtu wa pwani utatabasamu. Ni kama ngalawa iliyokatwa mirengu ikabaki mifupi! Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, na K4 haikuyumba. Tarehe 19 Agosti 1939, katika ziwa Coniston kaskazini mwa Uingereza, ilifika kilomita 228 kwa saa. Siku chache baadaye vita kuu ya pili ikaanza na boti ikawekwa.

Sasa ndipo uchongaji unapoanza. Vita ilipokwisha, dunia nzima ilikuwa na wazimu wa injini za jeti. Malcolm naye akaing'oa injini yake ya Rolls-Royce, akapachika jeti ya de Havilland Goblin, na sehemu ya juu ya boti ikajengwa upya kuifunika. Sura iliyotoka ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba watu waliipa jina la utani la slipa ya Coniston. Lakini chini, yaani pale penye mguso na maji, ilibaki ile ile ya 1939, iliyopangiwa injini nyingine na uzito mwingine. Mwaka 1947 ilijaribiwa ikakataa kwenda moja kwa moja. Malcolm alifariki tarehe 31 Desemba 1948 bila kuongeza hata kilomita moja kwenye rekodi yake.

Donald alikuwa na miaka 27. Alisikia kuwa Wamarekani wanajiandaa kuichukua rekodi ya baba, akaamua haiendi. Usidhani alirithi boti kwa kukabidhiwa ufunguo. Ilibidi ainunue kutoka kwenye mirathi! Akairudishia injini ya Rolls-Royce, akamchukua Leo Villa, fundi aliyemtumikia baba yake miaka mingi, na mwaka 1949 wakarudi Coniston. Walikaribia, hawakufika.

Kisha ikaja habari ya Seattle. Tarehe 26 Juni 1950, katika ziwa Washington, boti iitwayo Slo-mo-shun IV ya Stanley Sayres, iliyosanifiwa na Ted Jones, ilikimbia kilomita 258 kwa saa. Si kuongeza kilomita mbili au tatu, wadau. Ni kilomita 30 kwa mkupuo mmoja. Kilichowashangaza Waingereza ni kwamba siri haikuwa nguvu ya injini. Siri ilikuwa rafadha, lile pangaboi la nyuma.

K4 ilikuwa inazungusha rafadha yake ikiwa imezama yote. Fikiria: mhimili unaoizungusha, mkono unaoshikilia mhimili, kitovu cha rafadha, vyote vinakokotwa ndani ya maji mazito kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ni kama kukimbia mbio huku umeburuta nanga. Slo-mo-shun ilinyanyua tezi yake kabisa. Vielea viwili mbele, na nyuma boti inakaa juu ya rafadha yenyewe, nusu majini nusu hewani.

Donald alikuwa na njia mbili: kujenga boti mpya, au kuichonga ya baba. Hela ya boti mpya hakuwa nayo. Basi majira ya baridi ya 1950 kuamkia 1951 K4 ilibomolewa na kupangwa upya ili nayo ikae juu ya rafadha yake, ikawekewa na viti viwili, kimoja cha Donald na kimoja cha Villa. Na ilifanya kazi. Mwaka 1951 walikwenda Italia wakashinda kombe la Oltranza katika ziwa Garda. Boti ya miaka 12 ikawa kijana tena.

Hapa ndipo mimi nasimama na kukuna kichwa. Ukibadilisha umbo la boti, hubadilishi umbo tu. Unahamisha nguvu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Rafadha yenye mapanga mawili ikiwa nusu nje, kila panga linayapiga maji kama kofi, na kofi hilo linapanda kwenye mhimili, kwenye gia, mpaka kwenye mbao za tezi. Wale waliozipima mbao zile mwaka 1939 walikuwa wanapanga boti iliyotulia na rafadha iliyozama. Oktoba 1951 huko Coniston, ikiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 274 kwa saa, K4 iliharibika vibaya ikazama. Donald na Villa walitoka hai. Boti haikurudi tena majini.

Mwaka uliofuata, Septemba 1952, John Cobb, bingwa wa mwendo wa gari, alifariki katika ziwa Loch Ness na boti yake ya jeti, Crusader, akiwa amevuka kilomita 320 kwa saa. Hiyo ilikuwa mpya kabisa, ili msije mkadhani upya ni kinga.

Donald akawaendea ndugu wawili wasanifu, Ken na Lew Norris. Wakamjengea K7: fremu ya chuma, ngozi ya aluminiamu, injini ya jeti, hakuna rafadha. Mwanzoni ilikuwa na aibu zake, haikutaka kunyanyuka, na maji yalirukia matundu ya hewa ya injini. Wakaichonga tena sehemu ya mbele. Tarehe 23 Julai 1955 katika ziwa Ullswater ikafika kilomita 325 kwa saa, na kuanzia hapo ikavunja rekodi yake yenyewe mara sita zaidi. Ya mwisho ilikuwa kilomita 444, ziwa Dumbleyung, Australia, tarehe 31 Desemba 1964.

Ingetosha. Lakini Donald alikuwa na ndoto ya gari la roketi na hakuwa na wafadhili. Aliona akivuka maili 300 majini, yaani kilomita 483, magazeti yatamwandika na hela itakuja. Boti mpya? Hela ya hiyo angeitoa wapi! Mwaka 1966 K7 ikapewa injini nyingine, Orpheus, iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu zaidi, na mkia wa wima wa ndege ya kivita aina ya Gnat ili isipinde njia.

Angalia hesabu hii. Nguvu ya hewa inayoinua omo haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka maili 200 za mwaka 1955 hadi maili 300 za 1967, hewa inasukuma mara 2 na robo. Mkia wa wima unazuia boti kwenda kombo, hauzuii omo kupanda. Na msukumo wa jeti ile, kwa kuwa unapita juu ya pale maji yanapovuta, ulikuwa unasaidia kuikandamiza omo chini. Injini ikizimika ghafla, mkono huo unaondoka.

Asubuhi ya tarehe 4 Januari 1967 Donald alipita mara ya kwanza kwa wastani wa karibu kilomita 479 kwa saa. Sheria inadai mipito miwili. Aligeuza bila kusubiri kujaza mafuta wala mawimbi yake kutulia. Mpito wa pili ulizidi kilomita 510. Omo ikapanda, boti ikaruka, ikapinduka hewani, ikatua kwa omo. Alikuwa na miaka 45. Mwili wake haukupatikana mpaka Mei 2001, wapiga mbizi walipokuwa wameshaipandisha boti yenyewe mwezi Machi.

Kuna Mwaustralia, Ken Warby, aliyejenga boti ya mbao nyuma ya nyumba yake. Alisaidiwa na Profesa Tom Fink, ambaye miaka ya nyuma alikuwa ameshughulikia mahesabu ya hewa ya K7. Boti hiyo, Spirit of Australia, ilikuwa na bawa la kulala juu ya mkia, kile hasa K7 ilichokosa. Oktoba 1978 Warby alifika kilomita 511 kwa saa, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 40. Alifariki mwaka 2023, kitandani si majini.

K7 nayo ilikarabatiwa kwa umbo lile lile la 1967, pamoja na mkia wake wa Gnat. Agosti 2018 ilikimbia tena katika ziwa Loch Fad, Scotland, na mwaka 2024 ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Ruskin kijijini Coniston. Pale Loch Fad waliiendesha taratibu, hata kasi yake ya 1955 hawakuigusa.